Kuwasha Umeme Kabla Sijafa

Jumatano, 10 Aprili 1957

Nimetoka kwa daktari mjini Mbeya. Moyo wangu umechoka. Nisikimbie, nisipande mlima, nisikasirike. Nilimuuliza daktari, mtu anaishije hapa kwetu Ilomba bila kupanda mlima, na anaishije jirani na Jailos bila kukasirika. Amenipa vidonge.

Jioni mchungaji amepita. Amenishauri niandike dhambi zangu, ili siku ikifika niondoke mwepesi. Sawa. Nimefundisha shule miaka thelathini na moja, madaftari ninayo. Dhambi pia.

Naanza na kubwa. Mwaka 1905, shule ya misheni. Mimi, Lutengano, kijana wa miaka kumi na sita, nilivunja kioo cha taa ya Bwana Mmisionari. Nilitaka king'ae kuliko siku zote. Nikakifuta kwa kitambaa chenye maji, kioo kikiwa bado cha moto. Pa! Bwana Mmisionari akauliza nani. Nikasema Jailos. Jailos akachapwa viboko kumi na viwili, na mimi ndiye niliyehesabu kwa sauti, kwa kuwa nilikuwa kiranja.

Jailos yule yule. Leo ni mzee wa kanisa, shamba lake limepakana na langu. Miaka hamsini na miwili sijamwambia.

Nitamwambia kabla sijafa. Ila si sasa. Krismasi iliyopita alileta karabai kanisani, na watu waliimba wakiitazama karabai badala ya mchungaji. Mpaka leo wanamwita Baba Taa. Siwezi kumwomba radhi mtu anayeitwa Baba Taa! Kwanza nimshinde, halafu nijinyenyekeze.

Mpango upo. Jumatatu ya Pasaka nafanya karamu ya kuaga dunia. Chini ya taa za umeme. Ilomba haijawahi kuona. Mwezi uliopita nilimwandikia mwanangu Saulo, fundi wa mashine katika shamba la tumbaku huko Iringa. Nangoja jibu.

Ijumaa, 12 Aprili

Jibu! Shamba la Saulo limepata mashine kubwa ya umeme, ile ndogo wamemwazima miezi miwili. Inakuja Jumatatu kwa lori la dereva Isakwisa.

Nimemweleza mke wangu Tusekile. Ameuliza kama daktari anajua. Nimejibu kwamba daktari alikataza mlima, hakukataza umeme.

Mkamwana wangu Rozalia, mke wa Saulo, alikuwa nyuma ya migomba. Nadhani alicheka. Sina hakika, kwa sababu simwoni. Kwetu Wanyakyusa baba mkwe na mkamwana hawatazamani usoni wala hawasemezani. Nikipita njiani yeye huingia vichakani. Yeye ni Mhehe, tena Mkatoliki, alifua mashuka miaka mitatu hospitali ya misheni Tosamaganga. Lakini desturi yetu ameishika vizuri kuliko wasichana wa hapa. Miaka minne yuko nyumbani kwangu na sijui pua yake ikoje.

Akitaka nijue jambo, humwambia kuku. Kwa sauti.

Jumatatu, 15 Aprili

Imefika! Nyekundu. Kimo cha mbuzi aliyelala, uzito wa ndama. Ina mpini wa chuma na kamba ya kuvuta ili iwake. Pamoja nayo: balbu nne, waya mrefu mweusi, ufito wa chuma wenye ncha, urefu wa fimbo mbili, waya mwingine mtupu usio na balbu, na viatu vya mpira vinavyofika magotini. Pia barua ya Saulo.

Isakwisa alikuwa na haraka ya kupeleka chumvi Tukuyu. Amesema atarudi Jumamosi kuiwasha, nisiguse kitu. Kisha akasema kwa mkazo nisome barua.

Nimeisoma. Kurasa mbili. Aibu! "Hakikisha" amekosea mara tatu. Nukta hajui zinakaa wapi. Nimeisahihisha yote kwa wino mwekundu na kumpa sita kwa kumi. Mtoto niliyemfundisha mwenyewe!

Barua inahusu mambo ya chuma na maji. Nitaisoma tena kwa ajili ya maana.

Jumatano, 17 Aprili

Beberu wangu ameingia tena kwenye kabeji za Jailos. Kigingi cha mti amekivunja. Jailos alisimama kwenye mpaka akaniuliza kama mnyama huyo nami tumesoma darasa moja.

Nikaona ule ufito wa Saulo umelala bure. Chuma kizuri hivi! Nimeupigilia kando ya zizi kwa jiwe, nikipumzika kila pigo la tano kwa ajili ya moyo. Beberu ameuvuta asubuhi nzima. Wapi! Na ule waya mtupu nimempa Tusekile aanikie nguo. Amefurahi kuliko siku niliyompa cherehani.

Mchana, sauti nyuma ya jiko. Rozalia anamwambia kuku. Wewe kuku, sikia. Kule Tosamaganga fundi Marcelino alikuwa hagusi mashine kabla hajafunga waya mtupu kwenye mwili wa mashine na kuupeleka kwenye chuma kilichozama ardhini. Umeme una njia zake. Ukitoroka ndani ya mashine hutafuta pa kushukia. Ukipewa chuma utashukia kwenye chuma. Usipopewa, kuku wangu, utashukia kwenye mtu.

Nimesikia neno kwa neno. Lakini nifanyeje? Kumjibu kuku ni kumjibu Rozalia, na kumjibu Rozalia ni mwiko. Nimeiambia fimbo yangu kwamba kuku hakusoma fizikia.

Fimbo haikubisha.

Ijumaa Kuu, 19 Aprili

Tumerudi kanisani. Jailos ametembea nami polepole, kwa heshima ya moyo wangu. Ilikuwa saa nzuri ya kumwambia. Nikafungua mdomo. Naye akaniambia amesikia nimenunua jembe linalokohoa, na kwamba Jumatatu atakuja na karabai yake, ikae tu pembeni, endapo jembe langu litashikwa na mafua.

Nikafunga mdomo.

Jumamosi, 20 Aprili

Isakwisa amerudi. Amevuta kamba mara tatu. Mashine ikanguruma, mbwa wote wa Ilomba wakaitikia. Saa kumi na moja jioni balbu nne zikawaka juani! Nilishika kifua. Si kwa ugonjwa.

Akaizima. Akauliza chuma cha ardhini kiko wapi. Nikamjibu kwamba kimeshapigiliwa tangu Jumatano, tena kimeshika sana. Ni kweli tupu. Hakuuliza kimeshika nini.

Akaulizia mbao kavu za kuwekea mashine, na bati la kuikinga mvua. Nikasema zitakuwepo. Mbao hizo nimezifanya benchi la wazee wa kanisa, na bati liko juu ya kuni za Tusekile. Wageni kwanza.

Waya mweusi una kidonda, karibu na unapoingia kwenye mashine. Saulo amekizungushia utepe mchafu wa mpira. Sura mbaya! Mbele ya watu mia! Isakwisa alipokwenda kunywa uji nimeutoa, nikapafuta, pakang'aa shaba nzuri ya dhahabu.

Jioni nimekuta vile viatu vya mpira vimepangwa mlangoni pangu, vimepanguswa vumbi. Na kuku anaambiwa kwamba mtu mzima hapotezi heshima kwa kuvaa mpira. Suti yangu ya mwaka 1938 na viatu vya kuchotea matope! Nimevirudisha kwa Tusekile bila neno.

Jumatatu ya Pasaka, 22 Aprili, asubuhi

Leo! Suti imepigwa pasi. Manyunyu yamepita alfajiri, majani yamelowa, hewa nzuri. Hotuba yangu ina kurasa tisa. Maungamo yako ukurasa wa tisa, ili kwanza watu wafurahi.

Jumanne, 23 Aprili

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una bandeji, na alama ndefu ya mchi.

Nieleze kwa utaratibu.

Saa kumi na mbili na nusu jioni uani palijaa. Jailos alikaa mbele, karabai miguuni kama mtu aliyekuja na mbwa wake. Nikampungia Isakwisa. Kamba ikavutwa. Mwanga!

Akina mama walipiga vigelegele. Kwaya ilisahau beti. Jailos alitazama balbu, akafumba macho, akatazama tena. Hakusema kitu. Jailos, hakusema kitu, dakika nne nzima! Hizo ndizo dakika bora za maisha yangu. (Tusekile ukisoma hapa: siku ya harusi pia ilikuwa nzuri.)

Jambo moja sikulipangia. Siku zote jioni mkamwana hupita na chakula gizani na hakuna anayeona kitu. Sasa mwanga ulimkuta Rozalia katikati ya uwanja na sinia la ndizi, hatua tatu kutoka kwangu, uso kwa uso. Watu wakashtuka kwa pamoja. Yeye akajifunika khanga akageukia migomba. Mimi nikageukia ukuta. Tukakaa hivyo, kila mmoja na upande wake, mpaka Tusekile akalichukua lile sinia.

Pua yake ni ya kawaida.

Huko kwenye migomba nadhani ndiko alikoiona mashine: juu ya majani mabichi, bila mbao, bila bati, bila waya wa ardhini. Nikasikia sufuria ikiambiwa, maana kuku wameshalala. Wewe sufuria, mashine haina waya! Wewe sufuria, mtu asiisogelee! Sauti ilipanda mpaka kwaya ikamtazama. Mimi nilikuwa nageuza ukurasa wa tatu.

Hapo manyunyu yakarudi. Mepesi tu. Lakini yalirusha matope kwenye ule wekundu mzuri, na Jailos akaona. Akamnong'oneza jirani yake kitu, wakatabasamu. Ningevumilia? Nikachovya kitambaa kwenye beseni la kunawia. Viatu nilikuwa nimevua muda mrefu, maana miguu yangu siku hizi inavimba. Nikakanyaga majani yaliyolowa, nikashika mpini wa chuma kwa mkono wa kulia, nikainama nifute.

Siwezi kueleza. Ni kama nyuki elfu waliingia kwenye kiwiko na kila mmoja akitaka kutokea mdomoni. Nilitaka kuachia, mkono ukakataa. Mkono wangu mwenyewe! Nilitaka kupiga kelele, meno yakakataa kufunguka. Watu wakadhani ni sehemu ya hotuba. Wengine walipiga makofi.

Isakwisa ndiye aliyetambua. Akaniruka mikono mbele anivute. Ndipo sauti ikatoka kwenye migomba, si kwa kuku wala kwa sufuria. "Isakwisa, usimguse! Utanaswa na wewe!" Na Rozalia akaja mbio, khanga imeanguka, viatu vya mpira vya Saulo miguuni, mchi mkavu wa jikoni mikononi. Mbele ya wazee wa kanisa, mbele ya mchungaji, mbele ya watu mia na mwanga wa balbu nne, mkamwana wangu akaniinulia mchi na kunipiga mkononi kwa nguvu zote za Uhehe.

Nikaachia. Nikaanguka chali. Yeye akasukuma kitufe cha mashine kwa ncha ya mchi, ikakohoa, ikanyamaza.

Giza.

Nikajua nimekufa. Sikuona kitu, sikusikia kitu, moyo ulikuwa unaruka kama chura kwenye kopo. Nikakumbuka ukurasa wa tisa. Nimekufa na ukurasa wa tisa sijausoma! Nikakusanya pumzi iliyobaki nikasema, kwa sauti niliyozoea kuitia mahudhurio: Jailos, taa ya Bwana Mmisionari niliivunja mimi. Kwa kitambaa chenye maji. Viboko vile vilikuwa vyangu, na cha tano na cha sita nilivirudia mara mbili kwa hesabu ile ile.

Kisha nikasikia mtu anapampu. Fyu, fyu, fyu. Mwanga mweupe ukapanda polepole. Karabai! Nikaona nyuso mia zimenizunguka, nikaona sijafa, na juu yangu amesimama Jailos na taa yake.

Hapo ndipo nilipotamani kufa.

Jailos akasema anajua. Anajua tangu siku ile ile, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na vidole vyenye masizi. Akasema na idadi anaijua, viboko vilikuwa kumi na vinne, mgongo wake uliweza hesabu kuliko kiranja. Nikamuuliza, nikiwa bado chali, kwa nini hakusema. Akajibu kwamba baada ya viboko mke wa Bwana Mmisionari alimwonea huruma, akamlisha mkate na maziwa ya mgando jikoni kwake wiki tatu. Angesema ukweli, mkate ungekuja kwangu.

Wiki tatu! Mkate! Na mimi miaka hamsini na miwili nikibeba dhambi yangu tumboni!

Akaanza kucheka. Jailos akicheka hutikisika mwili mzima, na karabai ilitikisika naye, na vivuli vya watu wote vikacheza ukutani. Mchungaji akacheka. Nami nikacheka, ingawa iliuma. Akanishika mkono wa kushoto akaniinua, akanikalisha kwenye zile mbao kavu, akanilisha nyama kwa mkono wake. Kwaya ikaimba mpaka mafuta ya karabai yakakaribia kuisha.

Leo daktari amenipima. Amekasirika sana. Amesema wenye mioyo mizima kuliko wangu hufa kwa kitu kama hicho, na kwamba kilichoniokoa ni ule mchi, si uganga wake. Akauliza aliyeushika alisomea wapi. Nikasema alifua mashuka.

Alhamisi, 25 Aprili

Wazee wamekaa. Shauri gumu. Mkamwana amemwona baba mkwe, amepiga kelele mbele yake, amempiga mchi. Mmoja alitaka Rozalia alete kuku wa kuomba radhi. Jailos akasimama. Akasema kama kuna kuku wa kutolewa, basi kuku huyo amekuwa akihubiri wiki nzima na hakuna aliyemsikiliza. Wazee wakacheka mpaka wakakata shauri: mimi nimpe Rozalia mtamba, mwiko uondoke kati yetu, na kuanzia leo tusemezane kama baba na binti.

Nimetoa mtamba mweusi. Rozalia amepiga magoti, ameinua uso, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne ameniambia neno. Amesema, "Baba, barua ya Saulo uliisoma?"

Kisha hakunyamaza mpaka saa tisa. Amenisomea barua nzima, pamoja na masahihisho yangu. Chuma kizamishwe ardhini na waya ufungwe kwenye mashine kwanza. Mashine ikae juu ya mbao kavu, chini ya bati. Utepe wa waya usitolewe. Mikono mikavu, viatu vya mpira. Usifute, usisogeze, usishike kitu mpaka mashine izimwe. Mtu akinaswa usimvute kwa mkono, zima kwanza, na kama huwezi tumia mti mkavu. Barua nzuri sana. Nimempandishia Saulo hadi saba.

Halafu ameung'oa ufito wa beberu kwa mikono yake, ameuzamisha kando ya banda la kuni, amezinyang'anya nguo za Tusekile ule waya, na Isakwisa amefunga utepe mpya. Kila nikipita ananiambia jambo. Baba, hapo pana maji. Baba, viatu. Baba, vidonge.

Namkumbuka kidogo yule kuku.

Jumamosi, 27 Aprili

Siku njema kupita zote! Wazee wa kanisa wameomba mashine iwake Pentekoste. Jailos mwenyewe ndiye aliyetoa hoja. Tutakaa benchi moja. Na kwa kuwa mashine itangoja mpaka wakati huo, ameniazima karabai yake nisomee jioni. Karabai yake! Amenikabidhi kwa mikono miwili, akasema vitu vyetu sasa ni vya pamoja.

Nimesamehewa. Roho nyepesi. Naweza kufa hata kesho, ingawa kesho kuna ubatizo.

Beberu ameingia kwenye kabeji tena. Nimeung'oa ule ufito pale Rozalia alipouzamisha na kumfunga beberu. Mashine haiwaki mpaka Pentekoste, ufito ungekaa bure. Waya Tusekile ameuchukua mwenyewe, wala sikumwambia.

Saa moja jioni niliona karabai ina vumbi kwenye kioo. Si vizuri kumrudishia rafiki kitu kichafu. Nikaizima, nikachovya kitambaa kwenye beseni, nikafuta mara moja tu, taratibu.

Pa!

Nimemwandikia Jailos barua fupi, safi, isiyo na kosa hata moja la herufi. Nimemweleza kwamba ni beberu.

Rozalia alikuwa mlangoni. Hakuniambia kitu, ingawa sasa anaruhusiwa. Amekwenda nyuma ya jiko, na nimemsikia akimwambia kuku kwamba hajapata kuona beberu anayeshika kitambaa.

Nimeiambia fimbo yangu kwamba kuku asijiingize katika mambo ya mbuzi.